Mbwa wa Mjomba na Ufunguo wa Lango

Ilikuwa saa nane za usiku, katika komini ya Panda hapa Likasi, na umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Mjomba wangu alikuwa amesimama chini ya dirisha la mwenye nyumba, akiligonga kwa kiganja kwa nguvu zake zote, maana kiziwi hajui anagonga kwa sauti gani. Nyuma yake chumbani, juu ya kipande cha gunia, mbwa wake Bobi alikuwa akitetemeka miguu yote minne, povu limemjaa mdomoni. Lango la parseli lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli hiyo ulikuwa chini ya mto wa Papa bayeri, yaani mwenye nyumba huyo, kama kila usiku. Bayeri aliposikia kishindo dirishani alijua ni wezi. Akazima tochi, akashika panga, akanyamaza. Alipotambua kwamba anayegonga ni mpangaji wake, saa kumi ilikuwa inakaribia.

Bobi alikata roho langoni kabla ya kupambazuka, ndani ya karai ambalo mjomba alitaka kumbebea.

Sumu ilitoka stoo. Papa bayeri mwenyewe aliitega mchana ule kwa ajili ya panya waliokuwa wakimaliza unga wake wa bukari, akasahau kuwaambia wapangaji. Si mtu mbaya. Mjomba alipochelewa kulipa kodi miezi miwili, mzee huyu hakumpigia kelele hata siku moja. Kwa hiyo simtafuti mkosaji. Ninachotaka kujua ni kwa nini ufunguo ulikuwa chini ya mto.

Kila ninapoisimulia habari hii kuna anayeuliza: yote haya kwa ajili ya imbwa? Swali lake nalielewa. Katika mji ambao binadamu mgonjwa naye hubebwa kwa pikipiki usiku, atakayemlilia mbwa ataonekana amekosa kazi. Lakini wanaouliza hawakumjua Bobi.

Mjomba alifanya kazi miaka mingi karibu na mashine za kusaga mawe ya shaba, na masikio yake yakaisha kidogo kidogo, kama betri ya redio. Alipostaafu alikuwa hasikii hata honi ya lori. Bobi hakupelekwa shule yoyote. Alimsoma mzee wake, akajifundisha mwenyewe. Mtu akigonga lango, Bobi alimsukuma mjomba gotini kwa pua, kisha akaelekea langoni huku akigeuka kuhakikisha anafuatwa. Sufuria ikianza kufurika jikoni alifanya vivyo hivyo. Njiani kwenda sokoni, gari likija kwa nyuma, alimkata mjomba kwa mbele na kumsogeza pembeni. Watoto wa parseli walimwita Masikio ya Papa, na hapakuwa na mzaha wowote ndani ya jina hilo.

Sasa fikiria usiku ule. Asiyesikia hawezi kupiga simu ya sauti kumwita daktari wa wanyama. Hawezi kusikia kama bayeri amemjibu kutoka ndani. Anayemsikilizia dunia ndiye yuko chini anatetemeka. Siku mnyama wa namna hii anapougua ndiyo siku ambayo mwenyewe yuko peke yake kuliko siku zote, na hapo ndipo sioni tofauti kati ya dharura ya mbwa na dharura ya mtu.

Kwingineko duniani kazi aliyokuwa akiifanya Bobi ina historia iliyoandikwa. Shule ya kwanza ya mbwa waongozaji wa vipofu ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofushwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Marekani ilifuata mwaka 1929, Nashville, baada ya kijana kipofu aitwaye Morris Frank kurudi kutoka Uswisi na mbwa wake Buddy. Upande wetu wa dunia, Afrika Kusini ilipata chama cha mbwa waongozaji mwaka 1953, kikiasisiwa na Gladys Evans. Kutoka Likasi hadi huko ni nchi nzima ya Zambia na zaidi, na bei ya mbwa mmoja aliyefundishwa kwa utaratibu huo hailingani na mfuko wa mstaafu wetu. Kwa hiyo sisi tunao akina Bobi, wasio na cheti wala koti la rangi la kuwatambulisha. Mwenye nyumba anayeangalia mkataba wake anaona mbwa tu.

Kama mkataba upo. Ili kuelewa namna watu wanavyopanga Likasi inabidi kurudi nyuma kidogo. Wageni wengi wanaujua mji huu kwa jina la zamani, Jadotville, na kwa vita vya siku chache vya Septemba 1961 ambamo askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa. Siku hizi hata filamu ipo. Wenyeji wanaukumbuka zaidi kama mji ambao mwenye nyumba alikuwa kampuni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya shaba ya Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi na familia zao kambini kwa muda mrefu, ikawajengea nyumba na kuwagawia chakula, na baada ya uhuru Gécamines ikaurithi utaratibu huo. Ukipata kazi umepata nyumba, na ukiwa na shida ya nyumba unajua ofisi ya kwenda.

Utaratibu ule ulivunjika pamoja na shaba yenyewe. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakiwa na mkupuo wa pesa mkononi. Leo ukipita Panda, Kikula au Shituru utaona nyumba ya mbele anakaa mwenyewe, na nyuma yake vyumba viwili, vitatu vya kupangisha, bomba moja, choo kimoja, lango moja. Bayeri wa Likasi si kampuni tena. Ni mzee unayemwamkia kila asubuhi, anayejua umekula nini jana. Masharti yake hayako kwenye karatasi, yako mdomoni, na mengi hutamkwa siku unapoingia na godoro: usilete wageni wa kulala, lango hufungwa saa tatu, kuku wako wasiingie kwenye bustani yangu. Kuhusu mbwa, kwa kawaida ni neno moja: hapana. Na neno hilo anaweza kulitamka akiwa ameegemea lango lake lenye kibao cha *Attention, chien méchant*. Mbwa mkali wa mwenye nyumba ni ulinzi. Mbwa mpole wa mpangaji ni uchafu.

Mjomba alipata ruhusa kwa sababu alikuja na Bobi siku ya kuangalia chumba, akamwomba bayeri atoke nje agonge lango. Hoja ilikwisha hapo. Lakini ruhusa ya kukaa na mnyama ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili, itakuwaje mnyama akizidiwa, haikutajwa na yeyote, kwa sababu siku ya kuingia nyumba hakuna anayependa kutaja ugonjwa.

Nilipoanza kutafuta sheria inasema nini, niliambiwa na wengi kwamba nitarudi mikono mitupu. Haikuwa hivyo kabisa. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayosimamia upangaji wa nyumba za kukaa, ni ya kodi na garanti na notisi, na mbwa si mada yake. Hata hivyo ina mstari mmoja unaotufaa: garanti ya nyumba ya kukaa haitakiwi kuzidi kodi ya miezi mitatu. Kwa usomaji wangu, bayeri aliyekwisha kuchukua mitatu na anataka mwezi wa nne kama garanti ya mbwa amevuka mstari huo, hata akiupa mwezi huo jina jingine.

Nyuma zaidi kuna amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu, iliyotungwa wakati Kongo ni mali ya Leopold wa Pili na ambayo mahakama zetu bado zinaitumia. Ibara yake ya 261 inasema mwenye mnyama, au anayemtumia, anawajibika kwa hasara aliyoifanya mnyama huyo, hata kama alikuwa amepotea au ametoroka. Mabayeri wanaipenda ibara hii, ingawa wengi hawajui nambari yake. Wasichokumbuka ni majirani zake: ibara ya 258 inamtaka kila aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ailipe, na inayofuata inaingiza hata uzembe. Unga wenye sumu uliowekwa kimya kimya katika stoo ya watu wengi unaangukia huko. Mjomba hakwenda mahakamani. Mstaafu hamshtaki mzee mwenzake kwa ajili ya mbwa, halafu kesho wakapange foleni bomba moja.

Kilichonishangaza kuliko vyote nilikipata katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kukubaliwa na Kongo tarehe 30 Septemba 2015. Matini ya Kiingereza inatumia neno la jumla, msaada ulio hai. Matini ya Kifaransa, ambayo ndiyo mawakili wetu wanaisoma, haikuzunguka: *aide humaine ou animalière*, msaada wa binadamu au wa mnyama. Maneno hayo yapo katika ibara ya 9, kuhusu kuingia katika majengo, na yanarudi katika ibara ya 20, kuhusu mtu kuweza kwenda anakotaka. Wakili mkali atasema ibara ya 9 inahusu majengo ya umma, na parseli ya Panda si jengo la umma. Sawa. Lakini ibara ya 215 ya Katiba yetu ya 2006 inaiweka mikataba ya kimataifa iliyoridhiwa na kutangazwa juu ya sheria za kawaida, na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna sheria maalumu ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Bayeri anayesema mbwa wa kiziwi ni anasa ana watu wengi wa kubishana nao, kuanzia New York hadi Kinshasa.

Haki iliyo kwenye karatasi haimtoi mbwa povu mdomoni, na hapa nakuja kwenye sehemu ngumu. Kitivo cha tiba ya wanyama kiko Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa kwa barabara kuu namba 1, ile inayopitisha malori ya shaba usiku na mchana. Mbwa aliyekula sumu saa sita za usiku hana muda wa safari hiyo. Anachohitaji ni mtu wa karibu anayejua sumu. Zile zinazoshika mishipa ya fahamu huonyesha dalili ndani ya dakika au saa chache, mate na mtetemeko, na dawa ya baadhi yake ni atropini, ambayo hata mhudumu wa mifugo anayezunguka kwa pikipiki anaweza kuwa nayo mkobani. Zile zinazozuia damu kuganda ni za hila: mbwa anakula leo, anacheza kesho, anaanza kutoka damu baada ya siku mbili hadi tano, na matibabu yake ni vitamini K kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo daktari atauliza ni pakiti. Sumu nyingi ya panya hapa hununuliwa kwa mchuuzi wa njiani, katika kikaratasi kisicho na maandishi. Angalau kitunzwe. Na kumnywesha mbwa maziwa au mafuta ya mawese kwa nguvu wakati anatetemeka, kama majirani walivyotaka kufanya usiku ule, ni kumjaza mapafu.

Nimpe bayeri haki yake. Hofu yake ya mbwa haikutoka hewani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, na parseli zetu zimejaa watoto. Mbwa anayetokwa na povu na kuyumba saa nane za usiku anaweza kuwa amekula sumu, au anaweza kuwa na kichaa, na mwenye nyumba aliyeshika panga hana njia ya kutofautisha. Isipokuwa awe na nakala ya kadi ya chanjo. Kama Papa bayeri angekuwa ameiona kadi ya Bobi, ameigusa, anajua tarehe yake, angefungua mlango haraka zaidi. Kadi hiyo ilikuwepo, ndani ya sanduku la mjomba, chini ya suti yake ya harusi. Hapo kosa ni letu sisi wapangaji.

Mahali ambapo jambo hili la mbwa msaidizi anayeugua limefikiriwa vizuri si Ulaya. Ni Gulu, kaskazini mwa Uganda. Francis Okello Oloya alipoteza macho akiwa na umri wa miaka 12 kwa bomu lililolipuka shambani kwao, mabaki ya vita. Alipokuwa shule ya bweni, kwenda chooni usiku ilikuwa safari ya hatari kwake, na mbwa wa pale shuleni wakazoea kumsindikiza. Akina Bobi wengine, wasio na cheti. Alipokuwa mtu mzima akaanzisha, chini ya shirika la The BIG FIX Uganda, mradi wa kuwachukua mbwa wa mitaani, kuwafundisha, na kuwakabidhi kwa watu waliobaki na majeraha ya moyo kutokana na vita vya waasi wa Lord's Resistance Army. Wenye kulala wakiota bunduki wanaamka na kukuta mbwa kando yao.

Kinachonivutia ni mpangilio wake. Shirika hilohilo lina hospitali ya wanyama pale Gulu. Mbwa anachanjwa na kuhasiwa kabla ya kukabidhiwa, na anayempokea anaahidi kumtunza maisha yake yote. Yaani swali la "akiugua itakuwaje" limejibiwa kabla mbwa hajavuka kizingiti cha nyumba. Sisi tunaliuliza mbwa akiwa ndani ya karai.

Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wamekutana na mfumo mwingine, wa makaratasi. Huko sheria ya nyumba inamkataza mwenye nyumba kumtoza mpangaji mwenye ulemavu ada ya mnyama wa kufugwa kwa ajili ya mnyama msaidizi, lakini uharibifu na matibabu ya mnyama yanabaki juu ya mpangaji. Mwenye nyumba hana wajibu wa kumlisha mbwa ikiwa gari la wagonjwa limemchukua mwenyewe. Wamarekani walijifunza kwa njia ya uchungu: baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, watu waliokataa kuwaacha wanyama wao walibaki ndani ya nyumba zilizojaa maji, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuwaingiza wanyama, wasaidizi wakiwemo, katika mipango ya uokoaji. Sitamani makaratasi yote ya Wamarekani. Natamani karatasi moja.

Karatasi hiyo tuliiandika Januari, mimi, mjomba na Papa bayeri, juu ya meza ya plastiki chini ya mwembe, kwa sababu mjomba alitaka mbwa mwingine na bayeri, kwa aibu yake mwenyewe, hakutaka kukataa. Ilichukua chupa tatu za soda. Ufunguo wa pili wa lango uko kwa mpangaji, kwa hiari ya bayeri, usiku na mchana. Hakuna sumu itakayotegwa bila kila chumba kuonyeshwa mahali ilipo, na kikaratasi chake kinachomekwa kwenye mlango wa stoo. Nakala ya kadi ya chanjo inakaa kwa bayeri. Nambari ya mhudumu wa mifugo na ya manseba mmoja, dereva wa pikipiki anayekubali kubeba mnyama, zimeandikwa kwa kalamu ya rangi ukutani, na atakayepiga ni yeyote anayesikia.

Pesa zilituchelewesha. Matibabu ni ya mwenye mbwa. Hapo hapakuwa na ubishi. Lakini usiku mwenye mbwa anaweza kuwa hana kitu mfukoni, na mhudumu hachomi sindano kwa ahadi. Bayeri alikubali kutanguliza hadi kiasi tulichokiandika, kirudishwe pamoja na kodi ya mwezi unaofuata, bila kuigusa garanti. Ikiwa madhara yametoka kwenye kitu cha bayeri, sumu yake, waya wake wa umeme, mbwa wake mwenyewe, deni linageuka. Alilisoma hilo mara mbili, akasaini.

Jambo moja lilimnyamazisha mjomba. Niliandika, kisha nikamwonyesha: kama wewe uko hospitali na daktari anasema mbwa hatapona, nani aseme achomwe sindano ya mwisho? Alikaa na kalamu muda mrefu. Mwishowe hakuandika jina langu. Aliandika jina la bayeri.

Wakati wa kumsubiri mbwa mpya, majirani walifunga kamba kutoka langoni, ikapita kwenye misumari ya ukutani hadi kwenye mkono wa kiti cha mjomba. Anayefika anavuta, na kopo la bati lililoning'inizwa mwisho wa kamba linamgonga begani. Mbwa mpya alikuja Februari, jike, rangi ya udongo, hajapewa jina la kudumu. Jumapili iliyopita nilivuta kamba mara tatu, hakuna aliyetoka. Nikatumia ufunguo wangu, maana nami nilipewa nakala. Mjomba alikuwa amesinzia kwenye kiti, na mtoto wa mbwa alikuwa chini ya kiti, akiwa ameikata kamba kwa meno na kuanza kulitafuna kopo.